Mcheza Kwao na Mcheza Jukwaani

Methali yetu ya mcheza kwao ina sura mbili vinywani mwa watu. Wako wasemao mcheza kwao hutuzwa, yaani hupewa tuzo: noti ya kubandikwa kipajini, kanga ya kutandikwa begani, vigelegele vya shangazi na mama wadogo. Wako wasemao hutunzwa, na neno hili limebeba maana mbili kwa pamoja. Kutunza ni kumtunukia mchezaji, na kutunza ni kuhifadhi, kukilea kitu kisipotee wala kisiharibike. Kwa miaka mingi niliichukulia tofauti hiyo kuwa ni ya ulimi tu. Siku hizi naona kwamba ndani yake mna swali zima la makala haya. Mchezaji wetu anapotolewa uwanjani kwao akapandishwa jukwaani, kutuzwa atatuzwa, kwani makofi hayakosi. Je, atatunzwa? Na ni nani wa kumtunza, iwapo maandalizi yenyewe ndiyo yanayomvua alichokuja nacho?

Naandika haya nikiwa mtunzi wa mashairi na mfasiri. Chuo cha sanaa sikukipita. Nilichonacho nimekiokota katika vitabu vya kuazima na katika viwanja vya ngoma, nikisimama pembeni na kusikiliza maneno wakati wenzangu wakitazama miguu. Huenda hilo likawa ni kasoro kwa mtu anayetaka kuzungumzia matayarisho ya wachezaji. Lakini huenda pia likanipa jambo la kusema, maana kosa nitakalolieleza humu lilitendeka upande wa maneno, na mmoja wa waliolitenda ni mimi.

Tuanze na mahali. Tangu tamasha la filamu la ZIFF lilipoanza Unguja mwaka 1998, na Sauti za Busara likafuatia mwaka 2004, ukumbi wa wazi wa Ngome Kongwe umeona ngoma za visiwa hivi zikiletwa mbele ya watu wasiozijua. Si kwamba jukwaa la ngoma lilizaliwa hapo. Katika miaka ya 1960 serikali ya Tanzania iliunda kikundi cha taifa cha ngoma. Katika miaka ya 1970 Kenya ikaanzisha Bomas jijini Nairobi. Na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni taasisi ijulikanayo kwa jina la TaSUBa. Kutokana na juhudi za namna hiyo kulikuwa desturi ya kuzitayarisha ngoma ambayo sasa imeenea hata katika skuli zetu na katika kumbi za mahoteli: ngoma nyingi kwa muda mfupi, wachezaji katika mistari iliyonyooka, nyuso zikielekea mbele, tabasamu lisikatike, na mwendo uwe wa kasi.

Desturi hiyo sitaki kuibeza. Imewapa vijana wengi riziki. Imewafundisha kutunza pumzi, kufika kwa wakati, kunyoosha viungo kabla ya kucheza, kuwa na nguo safi na kuijua nafasi yao jukwaani ili wasigongane. Mchezaji asiyeyajua hayo huaibika, na aibu ya mchezaji mmoja huwa ya ngoma nzima. Anayedhani kwamba ngoma ya asili haihitaji matayarisho, kwamba hutoka yenyewe damuni kama jasho, hajawahi kukaa na wachezaji.

Tena huyo hazijui habari za pwani. Beni iliyozuka Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuiga bendi za askari, ilikuwa na gwaride, sare na vyeo, na vyama vyake vilijiandaa kwa ajili ya kushindana. Terence Ranger alikwisha kueleza historia yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1975. Lelemama ya Mombasa, ambayo Margaret Strobel aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979, ilikuwa na vyama vya wanawake vyenye uongozi, mavazi ya kulingana na nyimbo za kuwarushia mahasimu. Kinamama hao walisimama safu mbele ya watazamaji bila ya mtu kutoka mbali kuwafundisha. Kwa hiyo safu si ugeni kwetu, wala sare, wala mashindano, wala mazoezi. Tukisema kwamba jukwaa ndilo lililotuharibia, tutakuwa tumemsingizia asiyekuwepo. Ubaya, kama upo, tuutafute katika namna tunavyotayarisha: tunaanza na nini, na tunakata nini muda unapokuwa mfupi.

Sasa niungame. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kufasiri maneno ya kibati kwa ajili ya kikaratasi cha kugawiwa watazamaji. Msomaji wa Pemba hana haja ya kuelezwa, lakini kwa wengine niseme kwamba kibati ni ngoma ya majibizano. Maneno hutungwa papo hapo na kurushwa upesi huku ngoma ikilia, kisha waimbaji na wachezaji hujumuika katika kiitikio. Uhai wake umo katika kutojua mwenzako atakujibu nini. Nikaenda kwenye mazoezi kwa muda wa wiki tatu nikiwa na daftari langu. Kikundi kilipewa dakika 12. Mkufunzi wao alikuwa kijana hodari, mpole, mwenye kuwapenda wachezaji wake, na alifanya yote aliyofundishwa kuwa ni mema. Aliwapanga mistari miwili. Aliwafundisha kuhesabu moja mpaka nane. Aliwaonya wasimpe mtazamaji mgongo.

Siku ya nne tatizo likajitokeza. Majibizano yalikuwa hayana urefu maalumu. Leo yalichukua dakika tano, kesho tisa, kwa kutegemea ulimi wa waghani ulivyoamka. Mkufunzi akanigeukia: "Mzee wangu, wewe ndiye mwenye maneno. Tuchagulie beti nne ziwe ndizo hizo hizo kila siku, na wewe upate cha kufasiri." Niliona ni busara. Mfasiri hupenda maandishi yaliyotulia, na mimi nilikuwa nimechoka kukimbizana na maneno ya usiku wa jana yaliyokwisha kufa asubuhi. Nikachagua beti nne, nzuri kwelikweli. Nikazifasiri. Waghani wakazihifadhi.

Usiku wa onyesho kila mtu alikuwa mahali pake. Beti zangu nne zikasomwa kama barua. Katikati ya ngoma, fundi wa ngoma, mzee aliyezoea kuwasoma wachezaji kwa jicho, akabadilisha pigo. Lilikuwa ni ishara: geukeni, ingieni ndani, mjibuni huyu. Wachezaji hawakugeuka. Midomo yao ilikuwa ikihesabu. Wakaendelea mbele kwa nane zao, na mzee akarudi kwenye pigo la awali akawafuata wao. Makofi yalikuwa mengi mno. Nilipokwenda nyuma kumpa mkono yule mghani mkubwa, alinijibu bila ya hasira: "Bwana malenga, leo hatukucheza. Leo tumechezeshwa."

Sentensi hiyo nimekaa nayo muda mrefu, na naona ndiyo uhakiki mzito kuliko wowote nitakaoweza kuuandika. Kucheza na kuchezeshwa vinatofautiana kwa nani mwenye hiari. Wachezaji wale walijua kila hatua na hawakukosea hata moja, lakini hapakuwa na chochote usiku ule ambacho wangeweza kukiamua wao. Majibizano yalikuwa yamejibiwa wiki mbili kabla.

Linganisha na maulidi ya homu. Hii nayo hupandishwa jukwaani, mjini kwetu na ng'ambo, mbele ya watu ambao wengi wao hawajui Kiarabu wala hawafuati dini yetu. Waumini hukaa safu, tari zikipigwa, kasida ikisomwa, nao wakipinda na kuinuka kwa pamoja kama wimbi, polepole mwanzo, kisha kwa nguvu zaidi. Nimeitazama mara nyingi nikijiuliza kwa nini haipungui jukwaani kama kibati kilivyopungua. Jawabu ninaloliona ni hili: hakuna mkufunzi anayethubutu kuingiza mkasi katika maneno yake kwa ajili ya kurahisisha miguu. Neno linaheshimiwa kwanza, na mwili unalifuata neno. Kichwa huinama kwa sababu mstari umefika mahali pa kuinamia. Mtazamaji asiyeelewa lugha haielewi kasida, lakini huona kwa macho yake kwamba watu hawa wanaongozwa na kitu, na kwamba kitu hicho hakikuwekwa pale kwa ajili yake. Humnyamazisha.

Hapa ndipo pana funzo la kwanza katika kumtayarisha mchezaji: sikio litangulie mguu. Kabla ya kusimamishwa katika mstari, mchezaji akae chini na waghani, ayajue maneno, ajue lipi ni swali na lipi ni jibu, lipi ni dhihaka na lipi ni dua. Kisha akae na fundi wa ngoma, ayatambue mapigo yake kama anavyoitambua sauti ya mama yake akiitwa kutoka uwani. Kuhesabu moja mpaka nane ni mkongojo unaofaa kwa anayejifunza. Akipanda nao jukwaani, atakuwa anasikiliza namba zilizo kichwani mwake, na ngoma iliyo kando yake itamlilia bure.

Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alilijua hili bila ya kuandikiwa. Alizunguka majukwaa ya nchi nyingi, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na picha yake ambayo wengi wanaikumbuka ni ya mwanamke mkongwe aliyeifunga ngoma kiunoni kwa kanga. Unyago ni elimu ya faragha ya wanawake, na sehemu kubwa ya elimu hiyo haiwezi wala haifai kupelekwa jukwaani. Hilo nalo ni uamuzi wa matayarisho, kujua cha kuacha nyumbani. Lakini ngoma ilikuwa imefungwa mwilini mwake. Pigo na kiuno vilikuwa vya mtu mmoja. Huwezi kumchezesha mtu wa namna hiyo kwa nane za kuhesabu.

Funzo la pili ni la ardhi na sauti. Msewe wa Pemba, kama wengi wanavyoeleza, umepata jina kutokana na kile kinachofungwa miguuni mwa wachezaji ili kilie wanapokanyaga. Maana yake mchezaji wa msewe ni mpigaji pia. Miguu yake ni ala. Sasa tazama jukwaa la kawaida. Limetandikwa zulia ili lipendeze. Vipaza sauti vimewekwa usawa wa midomo ya waimbaji, na miguuni hakuna hata kimoja. Ngoma zinalia, sauti zinavuma, na nusu ya ala za msewe zimezikwa ndani ya zulia. Mtazamaji huona watu wakirukaruka asijue kwa nini wanaruka. Pengine kutoa zulia na kuinamisha kipaza sauti kimoja kungemsaidia mchezaji kuliko wiki nzima ya mazoezi, lakini ni lazima awepo mtu wa kumwambia fundi mitambo hivyo mapema, si jioni ya onyesho. Vivyo hivyo kwa ngozi za ngoma. Hewa ya bahari usiku huzilegeza, na wapigaji huhitaji moto wa kuzipasha. Wenye ukumbi huogopa moto, na wana haki ya kuogopa. Basi patafutwe uwanja wa nje, pawekwe mtu wa kuulinda moto, na pawe na nafasi ya ngoma kutoka na kuingia. Ngoma iliyolegea humfanya mchezaji alegee, kisha lawama ikamwangukia yeye.

Funzo la tatu ni la duara. Katika viwanja vyetu mtazamaji ni sehemu ya ngoma. Katika msewe huohuo wanaume hucheza na wanawake pembeni huwachochea kwa sauti zao. Mchezaji hajiulizi nimwelekee nani, kwa kuwa anaowaelekea wamemzunguka. Jukwaa linakata duara hilo nusu na kuliacha wazi upande wa giza, mahali ambapo mchezaji, akiwa na taa usoni, hamwoni mtu. Wakufunzi wengi hulitatua jambo hili kwa kuamrisha tabasamu. Naam, tabasamu la kulitabasamia giza! Mimi ningesema waletwe wale wanawake wa pembeni wapande nao, wawe nusu ya duara inayoonekana, na mchezaji awachezee wao. Mtazamaji aliyeko gizani ataikamilisha nusu ya pili mwenyewe. Na mgongo wa mchezaji si tusi. Anayempa mtazamaji mgongo kwa sababu amegeuka kumjibu mwenzake amempa kitu cha kukifuatilia.

Najua nitaulizwa: na dakika 12 je? Onyesho haliwezi kukesha. Ni kweli, na hapa ndipo tofauti ya kufupisha na kuharakisha inapotakiwa. Kuharakisha ni kuyachukua yote yaliyokuwa ya usiku kucha na kuyasukuma kwa kasi mpaka yasitambulikane. Kufupisha ni kuchagua sehemu moja na kuipa muda wake kamili. Sisi watunzi tunalijua jambo hili. Mwenye nafasi ya beti tatu hatungi utenzi wa beti mia kwa herufi ndogo. Hutafuta wazo linalotosha beti tatu. Kikundi chenye dakika 12 na kichague ngoma moja badala ya tano, na ndani ya hiyo moja kichague mzunguko mmoja wa majibizano, kiuache uwe hai.

Na lugha je? Mgeni haelewi Kiswahili, sembuse Kipemba. Nikiwa mfasiri nilikuwa nikiamini kwamba kikaratasi ndicho daraja. Sasa nakiona kuwa kina kazi ndogo: kisema tu kwamba hapa watu wawili wanajibizana, na kwamba jibu halijulikani mpaka litoke. Masikio ya binadamu hutambua swali na jibu hata katika lugha ngeni, na hutambua pia pale swali linapojibiwa na mtu aliyekariri.

Kikundi kile kilipata mwaliko mwingine baadaye, na safari hii yule mghani alisema hendi mpaka mimi na mkufunzi tukae naye barazani kwanza. Tukakaa. Mkufunzi, Mungu ambariki, hakuona haya kuanza upya. Wiki ya kwanza hakuna aliyesimama. Walijifunza maneno na mapigo, wakarushiana mafumbo mpaka wenye haya wakazoea. Wiki ya pili wakacheza uwanjani kijijini, duara, bila ya kuhesabu. Wiki ya tatu ndipo tukachora ukubwa wa jukwaa mchangani kwa kamba, tukafungua duara upande mmoja, na tukakubaliana juu ya mambo matatu tu: wataingiaje, watatokaje, na fundi wa ngoma atatoa pigo gani muda utakapokaribia kwisha. Yaliyobaki yakaachwa wazi. Tukawaalika majirani waje kutazama kabla hatujasafiri, kwani ambaye hakutuzwa na jirani zake asitarajie kutuzwa na wageni.

Onyesho lenyewe halikuwa kamilifu. Kijana mmoja aliingia mapema. Mmoja wa waghani alikwama, kimya kikapita, na mwenzake akakigeuza kimya kile kuwa dhihaka hata waliojua lugha wakaangua kicheko. Muda ulipokwisha walikuwa hawajakwisha. Mwenye kusimamia ukumbi akawamulikia taa ya mkononi kutoka pembeni, kama ilivyo ada. Mghani mkubwa akaiona, na badala ya kunyamaza akaitungia ubeti ile taa pale pale. Fundi wa ngoma akabadilisha pigo. Wachezaji wakageuka wote, wakaupa ukumbi mgongo, wakaiitikia.

Walizidisha dakika tatu, na wakalaumiwa kwa hilo. Sikuwa na kikaratasi cha kufasiri ubeti ule, wala sikuuandika. Nilikuwa nimesahau daftari kwenye kiti. Makofi, kwa kusema kweli, yalikuwa machache kuliko ya mara ya kwanza. Nyuma ya jukwaa sikumuuliza mzee chochote. Alikuwa amekaa juu ya ngoma yake akinywa maji, akibishana na mwenzake juu ya jibu ambalo angelitoa kama wangalipewa dakika moja zaidi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyakosea. Wako wakufunzi na mafundi wa ngoma, Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, wanaoyajua mambo haya kunishinda. Kurasa hizi ni zao pia. Mwenye la kuongeza na aongeze, na mwenye la kunisahihisha asinistahi.